Faili Limekufa, Ndoa Inapumua

“Usibonyeze!”

Hapo ndipo tuliposimama Jumapili iliyopita, msomaji wangu. Kidole cha Byron, fundi wa kompyuta, kilikuwa juu ya kipanya, mshale umetua kwenye kitufe cha kukarabati, na sauti ikapasua ofisi nzima ya Barafu Bora pale Nyamasaria. Wengi mmeniandikia mkitaka kujua nani alipiga kelele, mume au mke. Nasikia wengine mmewekeana dau.

Rudishianeni pesa zenu. Walipiga kelele wote wawili.

Mzee Zacchaeus Wesonga alikuwa mlango wa mbele, ule unaotazama barabara ya Nairobi. Mkewe Wanjiru alikuwa mlango wa nyuma, ule wa kwenda kwenye mashine ya barafu. Neno liliwatoka kwa pamoja, kwa sauti moja, kama wanakwaya waliofanya mazoezi mwezi mzima. Na hawa ni watu ambao tangu Pasaka walikuwa wakizungumza kupitia kwa mhasibu. “Mwambie huyo mwanamke lori limerudi.” “Mwambie huyo mwanamume nimeliona.”

Mhasibu mwenyewe, Mercyline Nakhungu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Byron. Akatazama mlango huu, akatazama ule.

Byron akainua kidole. “Kuna nini? Mmeniita nitengeneze faili. Nataka kutengeneza faili. Sasa shida ni gani?”

Mume na mke wakatazamana, kisha kila mmoja akatafuta uongo wake mbiombio.

“Chai!” akasema Zacchaeus. “Kijana hajakunywa chai. Mtu hawezi kufanya operesheni na tumbo tupu.”

“Nakala!” akasema Wanjiru. “Huwezi kugusa faili kama hujatoa nakala. Ukiharibu zaidi je?”

Uongo wa Zacchaeus ulikuwa uongo tu. Uongo wa Wanjiru, kwa bahati yake mbaya, ulikuwa ukweli mtupu. Byron akageuka akamtazama kwa heshima mpya.

“Madam, umesema kitu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabisa, na mimi nimeiruka kwa sababu ya presha yenu.” Akachomeka diski ndogo ubavuni mwa kompyuta. “Asante sana. Sasa nitafanyia kazi nakala. Hata nikikosea, ile faili yenyewe iko salama. Hakuna kitu kitanizuia tena!”

Wanjiru akatabasamu kwa shida. Alikuwa ametafuta jiwe la kumwekea fundi njiani, akampa ngazi.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Barafu Bora hutengeneza barafu ya kuhifadhi samaki, na malori yake huipeleka ufuoni kote mwa ziwa hadi Port Victoria, nyumbani kwao Zacchaeus. Mashine ya kwanza ilinunuliwa kwa jasho la Wanjiru, aliyekuja Kisumu kutoka Murang’a akiuza viatu soko la Kibuye. Wateja wa kwanza walikuwa binamu na shangazi za Zacchaeus. Wakajenga pamoja, wakazaa mabinti watatu, wakaongeza malori.

Kisha Zacchaeus akanunua lori jipya, na bila kumuuliza mtu akaenda kuliandikisha ubavuni kwa rangi ya dhahabu: WESONGA AND SONS.

Wanjiru akalizunguka lori lile mara moja. “Sons gani?” akauliza.

Zacchaeus, kama wanaume wengi wasio na jibu, akakasirika. Maneno yakaongezeka hadi akafoka, “Basi tugawane!” Kabla hajafunga mdomo, Wanjiru akajibu, “Tugawane!” Zacchaeus akampigia wakili, Maximilla Wakhisi, mwanamke asiyecheka ovyo. Akawaambia hagawi kampuni kwa maneno ya mdomo. Alitaka hesabu zote zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta, na angezifuata Ijumaa.

Jumanne asubuhi Mercyline akabonyeza faili la kampuni, na programu ikamjibu kwamba faili la data limeharibika, haliwezi kufunguliwa.

Zacchaeus akasema Mercyline amenunuliwa na mkewe. Wanjiru akasema amenunuliwa na mumewe. Kila mmoja kwa wakati wake akamwambia kwamba faili lisiporudi kabla ya wakili kufika, atakwenda kueleza kituo cha polisi. Ndipo Mercyline, ambaye hakuwa amenunuliwa na mtu yeyote, akaenda mjini mwenyewe kumsihi Byron aje.

Leo ndiyo Ijumaa.

Faili lilikuwa likiendelea kunakiliwa wakati Zacchaeus alipomwita Mercyline kwa kidole. Akampeleka hadi stoo ya barafu, akafunga mlango. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi dari, na pumzi zao zilionekana.

“Mercyline, mwanangu.”

Mercyline akashtuka. Tangu Jumanne jina lake lilikuwa “wewe”.

“Naam, Mzee.”

“Hiyo faili. Lazima ipone?”

“Mzee, si ulisema isipopona unanipeleka polisi?”

“Nilisema hivyo mimi?”

“Mbele ya watu. Enos wa mashine alikuwa hapo. Madereva walikuwa hapo.”

“Ilikuwa hasira.” Zacchaeus akafikicha mikono yake kwa baridi. “Sasa sikiza. Mimi sitaki kugawana kitu. Sikutaka hata siku moja. Nilisema tugawane nikijua atanyamaza, nami nitanyamaza, tule chakula, iishe. Lakini yule mama alijibu haraka! Ni kama alikuwa amengoja miaka.”

“Na wakili ulimwita wa nini?”

“Nilidhani wakili atatuambia tuvumiliane. Wazee wa kanisa si huambia watu wavumiliane? Kumbe wakili ukimwambia gawa, anagawa!”

Mercyline akauma mdomo asicheke. “Basi nenda umwambie Mama hivyo hivyo ulivyoniambia.”

“Nimwambie? Mimi?” Zacchaeus akamtazama kama aliyeambiwa avue nguo barabarani. “Na akinicheka? Na akisema yeye bado anataka? Nitaweka wapi uso? Hapana. Wewe mchelewesha huyo kijana. Mpe chai, mpe samaki, mpe chochote. Wakili akija akute faili imelala. Ataahirisha. Tukipata hata mwezi mmoja, mtu anaweza kupoa.”

“Na mimi, Mzee? Jina langu?”

“Jina lako nitalisafisha baadaye. Lakini Mama asijue. Akijua, sikujui.”

Mercyline akafungua mlango, akatoka.

Aliporudi ofisini, Byron alikuwa amekunja mikono ya shati. Kila fundi ana namna yake ya kufurahi, na huyu alifurahi kwa kueleza.

“Angalia. Nimeanza na ile kampuni ya mfano inayokuja na programu. Nimeifungua, imefunguka bila shida. Hiyo inamaanisha nini?”

“Programu ni nzima,” Mercyline akasema polepole.

“Nzima kabisa. Mgonjwa ni faili yenu. Nikauliza tena, au ni hizi waya zinazounganisha kompyuta zenu? Nikaweka nakala kwa laptopu yangu, mbali na waya zote. Ikakataa vilevile. Kwa hivyo waya hazina makosa.”

“Labda imekufa basi,” Mercyline akasema. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikiwa na matumaini.

“Kufa? Nani amesema kufa?” Byron akacheka. “Kando ya faili kubwa, programu hutengeneza vifaili vidogo viwili vya kuisaidia. Hivyo vikivurugika, faili kubwa haifunguki hata ikiwa na afya. Sivifuti. Navibadilisha jina tu, programu itengeneze vingine. Tazama.”

Akabonyeza. Skrini ikawaza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kikatokea kidirisha cha kuuliza nenosiri.

Mercyline akajisikia vibaya, na akajua ni ajabu kujisikia hivyo. Akaliandika nenosiri kwa vidole vizito. Faili likafunguka nusu, likaonyesha jina la kampuni, likajifunga.

“Unaona? Inapumua!” Byron akapiga meza. “Sasa imebaki kidonda cha ndani. Nitakitafuta.”

Kisumu imejaa mafundi wa kompyuta ambao wangelizika faili lile kabla chai haijapoa. Siku ile Mercyline angempata mmoja wa hao, angemkumbatia. Lakini alikuwa amezunguka mji mzima akimtafuta yule asiyeharibu, na kwa bahati mbaya alikuwa amempata.

Akakimbia kibandani kwa Beldina, anayeuza chakula kando ya geti, akarudi na ngege mkubwa wa kukaanga, ugali na mboga. Akaviweka mbele ya Byron. Samaki yule alikuwa na miiba ya kumchelewesha mtu hadi jioni.

Byron akanawa. Akala kwa mkono wa kulia na kuendesha kipanya kwa wa kushoto. Hakupunguza mwendo hata kidogo.

“Ero kamano,” akashukuru, mdomo umejaa. “Nikishiba ndiyo nafanya haraka zaidi.”

Mercyline alikuwa bado ameduwaa wakati mkono ulipomshika kiwiko. Alikuwa Wanjiru. Akamvuta kupitia mlango wa nyuma hadi chooni, akafungua bomba maji yavume.

“Niambie ukweli. Faili inaweza kufa kabisa?”

“Kufa aje, Mama?”

“Kufa. Ile ya kuzikwa.”

Mercyline akashika sinki.

“Usinitazame hivyo,” Wanjiru akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, ila mtu angemuuliza, angelilaumu vumbi la barabara. “Mimi nilisema tugawane nikingoja aniambie niache wazimu. Hiyo tu. Neno moja. Badala yake siku hiyo hiyo amepigia wakili! Mwanaume anapigia wakili kabla hata sufuria haijatoka mekoni! Alikuwa na namba yake tayari, ama?”

“Mama, tafadhali. Nenda uongee na Mzee. Nenda sasa hivi.”

“Nianze mimi?” Wanjiru akafunga bomba, akakumbuka, akalifungua tena. “Mimi ndiye nimeandikiwa kwa lori watoto wa kiume ambao sikuzaa. Wasichana wangu wanapanda hilo lori kwenda shule. Yule mdogo aliniuliza, ‘Mum, sons ni nani?’ Ningemwambia nini? Hapana. Aje yeye.”

“Lakini Mama, yeye naye…”

“Yeye naye nini?”

Mercyline akakumbuka stoo ya barafu na onyo alilopewa humo. “Yeye naye ni mtu mzima.”

“Basi aje kama mtu mzima. Wewe mzuie Byron. Sema stima imepotea, sema chochote. Na Mzee akisikia hata nusu ya neno, kazi hapa umemaliza.”

Hebu mfikirie Mercyline, msomaji. Alikuwa na siri mbili zinazofanana kama viatu, cha kulia na cha kushoto, na alikuwa amekatazwa kuviweka pamoja. Angesema, angefukuzwa kazi mara mbili. Angenyamaza na faili lipone, watu wawili wanaopendana wangeachana kwa kuogopa aibu. Angenyamaza na faili life, angeenda polisi.

“Nimepata!”

Sauti ya Byron ilifika hadi chooni. Mercyline akarudi mbio.

“Kaa chini,” Byron akamwambia. “Nimefanya uhakiki. Programu imeniandikia makosa yote, na yote yanatoka siku moja, Jumatatu. Ilikuwa katikati ya kuandika, halafu kompyuta ikazimika ghafla. Ikiwa katikati! Ni kama mtu umempokonya kalamu akiandika. Hapo ndipo faili ilipoumia.”

Kama iliyoitwa kutoa ushahidi, kompresa ya mashine ya barafu ikanguruma huko nyuma. Taa zikafifia, feni ikasita, kisha vyote vikarudi.

Byron akanyoosha kidole juu. “Umeona hiyo? Kila kompresa ikiwaka, umeme unashuka. Lazima hii kompyuta ilikuwa na UPS, lile boksi la betri la kuishikilia. Kuna alama ya vumbi hapa chini ya meza. Liko wapi?”

Enos, mwendesha mashine, alikuwa akipita na spana begani. Akachungulia. “UPS? Si iko kwa ofisi ya Mzee, kwa TV. Alilibeba Jumatatu mpira ukichezwa. Stima ilikuwa inasumbua, hakutaka kukosa bao.”

Akapita zake, hajui ameangusha bomu.

Kwa hiyo hakuna aliyenunuliwa. Hakukuwa na njama wala mchawi. Faili la Barafu Bora lilikuwa limeumizwa na mwenye kampuni akitazama mpira.

Byron akamgeukia Mercyline, uso uking’aa. “Wewe huna makosa hata kidogo! Waite wote, waambie!”

“Bado.”

“Bado nini? Si wanataka kukufunga?”

“Nimesema bado, Byron.”

Byron akainua mabega, akarudi kwenye kazi yake. Mshale ukatua tena kwenye kitufe cha kukarabati, safari hii kwenye nakala, na milangoni hapakuwa na mtu wa kupiga kelele. Mercyline angeweza kupiga yeye. Alifungua mdomo. Lakini alikuwa mhasibu, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichotaka kuona faili likipona, hata kama yeye asingekubali.

Byron akabonyeza.

Mstari wa kijani ukatambaa. Ukasimama. Ukatambaa tena. Kompresa ikazimika, na Mercyline akagundua kwamba alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mstari ukafika mwisho. Faili likafunguka, na halikujifunga. Wateja wote walikuwa pale: mama samaki wa Dunga, wale wa Usenge, akina shangazi wa Port Victoria, kila mtu mahali pake.

Byron akainua mikono yote miwili juu kushangilia. Mercyline akamziba mdomo kwa kiganja.

“Nyamaza. Nyamaza nikwambie.”

Akamwambia. Alinong’ona yote: stoo, choo, lori, bomba la maji. Macho ya Byron yakazidi kupanuka juu ya kiganja. Alipoachiliwa, alicheka hadi akashika mbavu.

“Omera!” akashangaa kwa Kijaluo. “Kwa hivyo mimi ndiye adui wa kila mtu hapa?”

“Wewe ndiye adui. Kwa sababu unajua kazi.”

Kicheko kikamwisha. “Lakini mimi siwezi kusema faili imekufa na iko hai. Hapana. Mjini watu wananiita kwa sababu ya hilo tu. Byron akisema imekufa, imekufa.”

“Sijakuomba useme imekufa. Nimekuomba usiseme kitu.”

“Na nikiulizwa?”

Kabla Mercyline hajajibu, geti likalia. Gari jeusi likaingia, likaegeshwa sambamba kabisa na mstari wa maegesho. Wakili Maximilla Wakhisi alishuka na mkoba wake, akaangalia saa yake, akaonekana kuridhika nayo.

Zacchaeus alikuja kutoka mlango wa mbele na Wanjiru kutoka ule wa nyuma. Kila mmoja alisimama mbali na mwenzake kadiri chumba kilivyoruhusu.

“Faili imefunguka?” Wakili akauliza akikaa kwenye kiti cha Mercyline bila kukaribishwa.

“Imekataa,” Zacchaeus akasema, akashusha mabega kwa huzuni. “Imekataa kabisa.”

“Imekufa,” Wanjiru akasema. “Tumejaribu kila kitu. Hata nakala tulitoa.”

“Hata chai tulimpa fundi.”

“Na samaki.”

“Na samaki, kweli. Mkubwa.”

Wakili Wakhisi akawatazama mmoja baada ya mwingine. “Nimegawa mali ya watu wengi,” akasema. “Sijawahi kuona wanaoachana wakisaidiana kueleza.” Akamgeukia Byron. “Wewe ndiye fundi? Faili iko namna gani?”

Byron akatazama dari. Akatazama mifupa ya samaki. Akamtazama Mercyline kwa macho ya kuomba radhi, na Mercyline akajua jibu.

“Imefunguka, Madam,” Byron akasema. “Iko nzima. Hakuna hata kitu kimoja kimepotea.”

Zacchaeus akakaa kwenye pipa la takataka bila kujua ni pipa.

“Nani alikuambia uitengeneze?” akauliza kwa sauti ya kilio.

“Wewe, Mzee.”

“Vizuri,” Wakili akasema, akafungua mkoba. “Mhasibu, chapa.”

Mercyline akasogea kwenye printa. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kitufe. Alimwona Wanjiru ameugeuzia ukuta uso wake na anajifuta vumbi lile la barabara. Alimwona Zacchaeus juu ya pipa lake. Hapo kitu fulani kikamkatika Mercyline ndani, na nadhani kilikuwa subira.

“Sichapi,” akasema.

“Unasemaje?” Wakili akauliza.

“Sichapi mpaka niseme. Mzee, umenipeleka kwa stoo ya barafu ukaniambia nimzuie Byron, eti hutaki kugawana na hukutaka hata siku moja. Mama, umenipeleka chooni ukafungua bomba ukaniambia maneno hayo hayo. Kila mtu ananiambia nisiseme. Mimi nimesoma uhasibu Maseno, sikusomea kubeba ndoa ya watu. Basi, nimesema. Nifukuzeni.”

“Mercyline!” akafoka Zacchaeus.

“Mercyline!” akafoka Wanjiru.

Kisha wote wawili wakasikia kilichokuwa kimesemwa.

Zacchaeus akainuka kwenye pipa taratibu. “Wanjiru. Wewe pia?”

Lilikuwa jina lake. Hakuwa “huyo mwanamke”. Wanjiru akageuka kutoka ukutani, pua imemwiva.

“Wewe ndiye ulipigia wakili.”

“Nilidhani atatupatanisha.”

“Mimi?” Wakili Wakhisi akauliza, amechukizwa kweli.

“Na lile lori?” Wanjiru akasema. Sauti yake haikuwa imelegea bado. “Zacchaeus, ulipoandika vile, uliwafikiria wasichana? Hata kidogo?”

Zacchaeus akainamisha kichwa.

“Baba yangu ndiye alitaka lori la namna hiyo,” akasema. “Alisema hivyo maisha yake yote, lori limeandikwa hivyo. Mimi niliandika ndoto yake, sikusoma maneno. Nimekuwa nikiliona kila asubuhi na naona haya hata kulipanda. Nitalifuta. Nitaandika majina yao, yote matatu.”

“Na langu?”

“Lako mbele.”

Wanjiru akamtazama kwa muda, akipima kama kuna mzaha ndani. Kisha akamkaribia na kumpangusa ganda la yai lililonata nyuma ya suruali kutoka kwenye pipa. Kwa watu wa miaka yao, mbele ya wageni, hilo lilikuwa busu.

Byron akapiga makofi, akagundua yuko peke yake, akaacha. Wakili akafunga mkoba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. “Sasa hiyo chai mliyosema,” akasema, “nami ninaitaka.”

“Mercyline,” Zacchaeus akaanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta jinsi ya kuomba msamaha bila kuonekana anaomba. “Kuhusu mambo ya polisi…”

Hakumaliza. Enos aliingia mbio, amepoteza kofia.

“Mzee! Mama! Njooni nyuma! Kuna watu wanafungua mashine!”

Wakatoka wote. Lori refu lenye winchi lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlango wa kiwanda. Wanaume wenye ovaroli za bluu walikuwa tayari wamekata umeme, na nati za kompresa zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya gunia. Barafu ilikuwa imeanza kutoa jasho.

“Nani amewaruhusu?” Zacchaeus akapaza sauti.

Mwanamume mnene aliyevaa miwani ya jua akaja akitabasamu. “Mimi naitwa Sam. Tumekuja kuchukua mashine, Mzee. Si mlituuzia?”

Zacchaeus akamgeukia mkewe. “Umeuza mashine?”

“Mimi? Nilidhani ni wewe!”

“Hapana, si nyinyi,” Sam akasema kwa upole. “Tumemalizana na mhasibu wenu.” Akavua miwani, akatazama nyuma yao, na uso wake ukachanua. “Si huyu hapa! Mercyline! Mbona hukuwaambia kwamba tunakuja leo?”

Akapita katikati ya mume na mke. Akamshika Mercyline mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama watu waliopoteana na kukutana tena, kisha akamuuliza kama mama yake, Dolphine, amepona lile goti.

Goti lilikuwa kweli linamsumbua mama yake. Jina lake kweli lilikuwa Dolphine. Na Mercyline hakuwahi kumwona mtu yule maishani mwake. Tuonane Jumapili ijayo, msomaji wangu.